Mtoto wa Mama Bavna

Cherehani yangu ipo barazani kwa Mama Bavna hapa Mbamba Bay, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nilishuka kutoka kijiji cha Ruanda, kule juu Mbinga, nikiwa bado kijana, nikaoa huku ziwani. Mume wake, marehemu Mzee Mansuk, ndiye aliyenipa nafasi, maana alisema mtu akinunua kitambaa dukani hapendi kutembea mbali kumtafuta fundi.

Wageni wanaoshuka kwenye basi humwita Mhindi wa dukani, wakaishia hapo. Lakini mama huyu ni mtu wa hapa kuliko mimi. Alizaliwa Lituhi, kwenye chumba cha nyuma cha duka la baba yake, na aliyempokea alikuwa mkunga wa kijijini. Alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Alipofika miaka kumi na minane akaletwa Mbamba Bay kwa boti, bibi harusi na masanduku mawili, na hajahama tena. Akikasirika, hukasirika kwa Kinyasa. Kigujarati, lugha ya wazazi wake, tangu mumewe afariki alikuwa akiongea na watu wawili tu. Mmoja ni binti yake Bavna, aliyeolewa Dar es Salaam, na huyo waliongea kwa simu. Mwingine alikuwa ndani ya nyumba, na kwa miaka mingi hatukumjua.

Huyo wa ndani ndiye niliyekuwa nikimshonea nguo.

Mwaka wangu wa kwanza pale barazani aliniletea kipande cha hariri ya njano, akataka gauni dogo lenye mshipi wa kufunga nyuma. Vipimo alivileta kwenye uzi wenye mafundo: fundo la shingo, fundo la kiuno, fundo la pindo. Nikaupima uzi kwa mkono wangu. Ulikuwa shubiri moja na vidole vitatu. Nikajua nguo ni ya mtoto njiti, yule anayezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Nikashona kwa uangalifu, nikalaza mishono isimchune ngozi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, akaja na kitambaa kingine. Uzi ukawa uleule, na mafundo yaleyale. Mwezi wa sita, upepo wa mwera ulipoanza kuvuma kutoka kusini, akataka kikoti chenye pamba ndani. Uzi uleule. Mwaka wa tatu vilevile, na wa nne. Mimi si mtu wa kuuliza mambo ya watu. Nilishona, nikakunja, nikampelekea dirishani.

Lakini masikio hayana mlango. Kila asubuhi, kabla sijafungua kifuniko cha cherehani, nilisikia kengele ndogo ndani, halafu sauti ya mama akibembeleza. Alinunua maziwa fresh kila siku, na yeye mwenyewe alikuwa mnywaji wa chai ya rangi. Saa sita mchana alifunga duka, na mteja akigonga, aliambiwa kwa kunong'ona arudi saa kumi, amelala. Nani amelala, hakusema. Siku moja akaniletea kipande cha chandarua nishone kidogo cha kufunika kitanda, na kitanda chenyewe kilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko.

Nilimweleza mke wangu Hilda. Hilda akamweleza Mama Scolastika, mwenyekiti wa jumuiya yetu, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, mwanamke ambaye ukijikata kidole leo, kesho asubuhi yuko mlangoni kwako na uji. Mama Scolastika akapiga hesabu yake: mtoto asiyekua, anayefichwa ndani, na bibi anayezeeka naye peke yake. Akaumia sana. Akasema ni lazima twende.

Jumamosi moja baada ya sala ya jumuiya wakaja wanawake saba. Walibeba sukari kilo moja, sabuni mbili na khanga mpya ya kubebea mtoto. Mimi nilijifanya natia uzi kwenye sindano. Mama Scolastika akasimama mlangoni pa duka, akasalimu, kisha akasema yale aliyokuwa ameyapanga njiani.

"Mama Bavna, sisi ni majirani zako. Mtoto ni mtoto, awe wa namna yoyote. Hafichwi."

Mama Bavna aliwatazama mmoja mmoja. Akatazama khanga. Kisha akanitazama mimi, na nikainamisha kichwa mpaka karibu nijichome sindano.

"Vueni viatu," akasema. "Na wewe fundi, njoo."

Chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiwa na kilinukia udi. Kwenye ukuta wa mashariki palikuwa na kikabati cha mbao chenye pazia. Akapiga kengele taratibu, kama mtu anayebisha hodi, akavuta pazia. Nilizitambua nguo kabla sijamtambua aliyezivaa. Lilikuwa lile gauni la njano, na ndani yake mtoto wa shaba aliyekuwa akitambaa, magoti mawili na mkono mmoja chini, na mkono wa pili ameunyanyua ameshika donge la siagi. Macho yake yalikuwa makubwa, yamepakwa rangi nyeupe na nyeusi, yakitutazama.

"Huyu ni Lalji," akasema. "Ni Krishna, alipokuwa mdogo."

Hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Mama Scolastika ndiye aliyepata maneno kwanza.

"Kwa hiyo Mungu wenu anatambaa?"

"Wa kwenu hakutambaa?"

Mama Scolastika akafikiri. "Alitambaa," akasema. "Ila sisi tulimwacha akakua."

Mama Bavna akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la sari, na wale wengine nao wakapata nafasi ya kucheka. Akawapa kila mmoja kipande cha kitamu cha maziwa na sukari, akaeleza kuwa Lalji alikuwa ameshakila asubuhi, kwa hiyo sasa ni baraka, hakikataliwi. Waliopenda wakala, walioogopa wakafunga kwenye pembe ya khanga. Sukari na sabuni alivipokea. Ile khanga ya kubebea aliikata na kuipiga pindo, na mpaka leo ndiyo shuka ya kitanda cha Lalji.

Tangu siku hiyo hakuwa na sababu ya kunong'ona, na mimi, bila kuuliza, nikawa napata habari za imani yake kidogo kidogo, wakati wateja hawapo.

Aliniambia kwamba wao husema Mungu ni mmoja, ila ana nyuso nyingi, kwa kuwa watu wana mioyo mingi. Yupo anayempenda Mungu kama bwana wake, yupo anayempenda kama rafiki. Wapo wanaomwona kama mama, na huyo mama wamempa majina yake, na yupo mwenye kichwa cha tembo ambaye huombwa kabla ya kuanza kazi yoyote. Picha yake iko juu ya mlango wa duka, na nilikuwa nimeipita miaka yote nikidhani ni tangazo la biskuti. Yeye mwenyewe alilelewa katika nyumba zinazompenda Mungu kama mtoto. Mama mkwe wake ndiye aliyemkabidhi Lalji, siku ya tatu baada ya harusi.

"Sikuweza kumwogopa," aliniambia. "Nilikuwa na miaka kumi na minane, niliogopa kila kitu katika nyumba hii. Mama mkwe, jiko, mzee mwenyewe. Nikapewa mmoja wa kumwogesha."

Nilimuuliza mara moja tu, na ilinichukua miezi kupata ujasiri, kama anaamini ile shaba ni Mungu. Hakukasirika. Alisema shaba ni shaba, ilitoka kwa fundi kama sufuria. Lakini yeye humwita, humwandalia mahali, na anayeitwa kwa upendo huja akakaa. Ndiyo maana asubuhi humwamsha, humwogesha kwa maji ya vuguvugu, humpaka unga wa msandali, humvika, na huwasha taa ya samli akaizungusha mbele yake, ili mwanga umfikie usoni na yeye amwone. Kuonana ndiyo ibada yenyewe, alisema. Wewe unamtazama, naye anakutazama. Chakula hupelekwa kikiwa na jani la mmea unaofanana na kivumbasi chetu, ambao ameuotesha kwenye debe la mafuta uani na huumwagilia kabla hajanywa chai. Pazia hufungwa ili ale kwa raha, kwani nani anapenda kutazamwa akila. Pazia likifunguliwa, kilichobaki ni chake yeye na majirani.

Nyama hali, wala samaki, na mtu anayekaa ziwani miaka sabini bila kuonja mbasa anajulikana mji mzima. Anasema aliyemo ndani ya samaki ni yuleyule aliyemo ndani yake, amevaa vazi jingine tu. Mzee Mansuk alipofariki, kabla hata hatujamjua Lalji, mwili wake ulichomwa kwa kuni karibu na mto Ruhuhu, na majivu yakaachwa yaende na maji hadi ziwani. Watu walinong'ona sana siku ile. Mama Bavna aliporudi aliniona nimekaa bila kushona.

"Wewe ni fundi," akasema. "Vazi likichakaa, aliyelivaa amekufa?"

Nikasema hapana.

"Basi naye atavaa jingine. Jema au baya, kwa kadiri ya alivyoishi. Namwombea liwe jema, maana alikuwa mbishi lakini hakumdhulumu mtu."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mpaka macho yake yalipoanza kuharibika.

Niliyajua kabla hajayasema. Aliniletea kikoti cha Lalji nikitie kiraka, na mkononi palikuwa pameungua duara, ukubwa wa kifungo. Wiki tatu baadaye lilikuja gauni lenye pindo lililoungua. Kisha nikaona ukingo wa sari yake mwenyewe umekuwa mweusi. Alikuwa akiizungusha taa bila kuiona vizuri. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia ndilo lilikuwa baya zaidi. Usiku niliwaza nyumba ile ya mbao na yule mama ndani yake na moto.

Bavna alipiga simu akisema madaktari bingwa wa macho wanakuja Songea kwa wiki mbili, na ameshamwandikisha. Yeye angetoka Dar es Salaam wakutane huko, kwa kuwa hospitali inataka ndugu wa kumhudumia. Mama Bavna akakataa. Sababu ilikuwa moja tu. Nani atamwangalia Lalji? Bavna akasema amlete naye. Mama akauliza kama kweli atamlaza mtoto wodini, katikati ya damu na dawa. Familia ya mwisho ya dini yao pale Songea ilikuwa imehamia Dar es Salaam. Kumwacha bila kuamshwa, bila maziwa, gizani nyuma ya pazia siku nane? Alisema bora apofuke.

Tulibishana naye wote. Mama Scolastika alikuja na ndoo yake ya usipa, akaiacha mbali kwa heshima, akasimama barazani akasema maneno mengi. Yalipokwisha, akanigeukia.

"Na huyu hapa? Amemvalisha miaka kumi na tisa. Kumlisha ndiyo atashindwa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Bavna alinigeuzia uso, ingawa nadhani aliona kivuli tu. Hakuniomba. Alisubiri.

"Nitamlisha," nikasema.

Jumapili nilipanga foleni ya kuungama, nikamweleza padre, kwa kuwa sikutaka kufanya jambo la kuficha. Padre aliuliza kama ninakwenda kumwabudu. Nikasema nakwenda kwa ajili ya mama, ili akatibiwe. Akasema niende, ila nisimdanganye yule mama kwamba naamini kama yeye, wala nisimfanyie kazi yake kwa dharau. Nikasema sitafanya hivyo.

Mama Bavna alinifundisha siku tatu. Nioge kwanza. Nisile kitu kabla ya kwenda kwake, na samaki nisiguse siku zote hizo. Nivue viatu, na mkanda wa ngozi nao nivue. Nipige kengele mara tatu, polepole, asishtuke. Nivute pazia, niwashe taa, niizungushe kwa kufuata mshale wa saa. Nichemshe maziwa kwa sukari, nimimine kwenye kikombe chake cha fedha, niweke na ndizi mbivu na jani la ule mmea. Nifunge pazia, nikae nje kwa muda wa kushona mfuko mmoja wa shati. Yeye mwenyewe nisimguse. Kuhusu kuoga na kubadili nguo, alisema ameshaongea na Lalji amvumilie. Jioni tena taa, kisha nishushe chandarua.

Alinieleza kila kitu isipokuwa kimoja. Kwao hilo hujulikana na kila mtoto, kwa hiyo halisemwi, kama sisi tusivyomwambia mtu asiteme mate mezani.

Akapanda basi la Songea, na mimi nikaanza. Nilisimama mbele ya pazia na kikombe, na nikakumbuka jinsi tulivyolelewa. Kwetu Ruanda, mgeni mkubwa hapewi kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja mbele yake. Baba yangu alipomkaribisha mtu pombe, alikunywa yeye kwanza, funda moja, ndipo akakabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Asiyefanya hivyo ana jambo moyoni. Na huyu hapa alikuwa mgeni mkubwa kuliko wote niliowahi kuwahudumia. Nikapiga kengele, nikavuta pazia, nikanywa funda moja, nikaweka kikombe mbele yake kwa mikono miwili.

Nilifanya hivyo asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Nyumbani Hilda alinipikia maharage, akaniambia kwamba kama angejua mapema angeolewa na Baniani mwenye duka badala ya Baniani mwenye cherehani. Wateja nao walinitania. Sikujali. Nilikuwa nimeanza kuuzoea ule ukimya wa chumba cha nyuma.

Songea walikuwa hawajampasua bado, kwa kuwa sukari yake ilikuwa juu, wakasubiri ishuke. Siku ya nne jioni Mama Bavna akanipigia kwa simu ya Bavna. Alisema sukari imeshuka, kesho asubuhi wanalifanya lile jicho la kulia. Alikuwa na furaha. Kisha akaniomba nimsimulie ninavyofanya, hatua kwa hatua, ili afumbe macho aone. Nikamsimulia. Kuoga, viatu, kengele, taa. Maziwa.

"Halafu naonja kidogo," nikasema, "halafu naweka."

"Unaonja nini?"

"Maziwa, Mama."

"Kabla hajanywa?"

"Kabla."

Simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao. Baada ya kitambo akapiga Bavna mwenyewe. Hakufoka. Alikuwa amechoka. Alinieleza kwamba kwao hata anayepika haonji chumvi mpaka Mungu awe amekula kwanza, kwa kuwa kilichoguswa na mdomo wa mtu kimekwisha kuwa makombo. Nilikuwa nimempa Lalji makombo siku nne. Mama yake amefunga mzigo, anasema kesho anapanda basi la asubuhi kurudi. Daktari amemwambia nafasi yake ni kesho, na madaktari wale hawatarudi mpaka mwakani, na lile jicho halitafika mwakani.

Niliweka simu mezani. Hilda alikuwa ameyasikia yote, maana simu yangu ina sauti kubwa. Nilimwambia nimelitia doa jambo lenyewe alilonikabidhi Mama Bavna, na sasa atapofuka kwa ajili yangu. Nilifikiri nimtume Mama Scolastika aongee naye, yeye anajua kuongea.

"Kosa ni lako," Hilda akasema. "Umekaa kimya kwenye baraza lile miaka kumi na tisa. Leo ongea."

Nikapiga. Bavna akapokea, akampelekea mama yake, na nikasikia sauti za wodi, mtu akikohoa, magurudumu yakipita. Hakusema haloo.

"Shikamoo Mama," nikasema.

Hakuitikia.

"Mama, sikuonja kwa tamaa. Kwetu mgeni mkubwa hapewi kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja. Kama kuna baya ndani ya kikombe, limpate anayetoa kabla ya anayepokea. Baba yangu ndivyo alivyonifundisha. Umeniachia mtoto. Nikasema likiwapo baya, linipate mimi."

"Ulifikiri maziwa yatamdhuru?"

"Sikujua, Mama. Ni mtoto."

Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Miaka hamsini na kitu nasema ni mtoto," akasema. "Watu wananikubalia kwa adabu."

"Kesho usionje," akaongeza.

"Sitaonja, Mama."

"Kikombe kisugue kwa majivu na ukwaju. Na umwambie nitakaa siku tatu zaidi." Kisha, kama aliyekumbuka, akasema, "Marahaba."

Asubuhi iliyofuata nilisugua kikombe mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Niliweka maziwa bila kuyaonja, na niseme kweli, moyo haukutulia mpaka nilipofungua pazia. Saa tano Bavna akatuma ujumbe kwamba wamemaliza salama.

Alirudi siku ya nane, amevaa miwani myeusi, mkono mmoja umeshika bega la Mama Scolastika aliyekwenda kumpokea stendi. Alinisalimu barazani bila kusimama, akaenda moja kwa moja kuoga. Siku ile nzima hakula. Nilimsikia akiosha vyombo vya Lalji vyote, hata vile ambavyo sikuvigusa, na akimwogesha, na akiongea naye kwa Kigujarati kwa muda mrefu, sauti ikipanda na kushuka kama mtu anayemweleza mwanawe kwa nini alichelewa. Nilishona, nikafumua, nikashona tena. Hakuniita.

Siku ya pili yake, mchana, alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Alivua miwani. Jicho lile lilikuwa jekundu bado, lakini lilikuwa linatazama kitu, si kupita kando yake.

Akaniambia kwamba kule wodini hakupata usingizi, na alikumbuka kisa alichosimuliwa na bibi yake Lituhi. Palikuwa na mama mmoja mzee wa porini, si mtu wa ukoo mkubwa, hakujua taratibu. Alisikia Mungu anapita njia ile akiwa katika umbo la mwana wa mfalme, akamchumia matunda pori. Akayauma moja moja, machungu akayatupa, matamu akayaweka. Akampa yale aliyoyauma. Waliokuwapo wakashtuka, lakini mgeni akala yote.

"Nimekifikiri sana," akasema. "Yeye alionja akitafuta utamu. Wewe ulionja ukitafuta sumu. Sijui kama ni jambo moja. Nimemwachia Lalji aamue."

Nikasema asante.

Akachukua gauni jipya nililokuwa namalizia, la sikukuu ya mwezi wa nane, siku wanayoadhimisha kuzaliwa kwa Krishna. Akalisogeza kwenye lile jicho lililotibiwa, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Fundi. Shingo imekwenda upande."

Nikatazama. Kweli ilikuwa imekwenda upande.

"Na la mwaka jana nalo hivi hivi? Nimemvika mtoto hivi mwaka mzima?" Akanitazama mimi sasa, uso, nywele. "Kumbe umezeeka hivi. Mwakani Songea unakwenda wewe. Cherehani nitakukalia mimi."

Kesho yake asubuhi nilipofika, kengele ilikuwa imeshalia. Nilifungua kifuniko cha cherehani, nikatia uzi, nikaanza kufumua ile shingo. Baadaye kidogo akatoka. Alikuwa na kikombe chake cha bati, kile anachonywea chai, na ndani yake mlikuwa na maziwa ya Lalji, yale yaliyobaki pazia lilipofunguliwa. Miaka yote alikuwa akinimiminia kwenye kikombe changu, cha kwake tofauti na cha kwangu tofauti. Alisimama mbele yangu, akakishika kile kikombe, akanywa funda moja, akameza. Kisha akanipa kwa mikono miwili.